Kafi Jekundu la Kamlenge

Mwalo wa Kamlenge,
11 Julai 2024

Shangazi Dorotea,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu hapa mtandao unashika sehemu moja tu, kwenye mwinuko nyuma ya ghala la mwenyekiti, na ukiongea pale unaongea na mwalo mzima. Kondakta wa basi la asubuhi ataiacha barua dukani kwako, kwenye madumu ya asali.

Mwezi wa nne sasa ukarani unaendelea. Ninaandika boti zinazoingia na zinazotoka, na dirisha langu linatazama mfereji. Tangu ziwa lilipopanda likameza mchanga wa zamani, boti haziegeshi tena ufukweni. Zinaingia ndani ya matete kwa mfereji ambao wavuvi waliuchimba wenyewe kwa majembe. Upana wake ni boti moja, na katikati una kona. Aliye ziwani hamwoni anayetoka, na anayetoka hamwoni aliye ziwani.

Utapenda jinsi wanavyopishana. Kuna kafi moja, limepakwa rangi nyekundu, mpini wake ulipasuka ukafungwa waya. Asiyekuwa nalo haingii mferejini. Anayetoka akifika mdomoni mwa ziwa humkuta anayesubiri amezima injini. Humpa kafi kwa mikono miwili. Mpokeaji huuliza, "Nani nyuma yako?" Naye hujibu, "Nyuma yangu ni maji tu." Hapo ndipo injini inawashwa. Wakisubiri wengi, kitupu hupisha kizito, na mwenye mgonjwa au maiti hupita kabla ya wote. Sheria hizi hazijaandikwa popote, na sijaona mtu akizibishia.

Kuna mmoja anaitwa Abednego, yeye hupisha hata asiyestahili. Juzi alipisha boti nne mfululizo. Wenzake wakamtania kwamba akifa atampisha nani kaburini. Akasema, "Wewe. Si ndiye mzito?"

Mwenyekiti wa mwalo, Edgar, ni mkali. Akiingia ofisini husimama nyuma yangu ninapoandika, nami nakosea herufi. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu na yeye ndiye anayeusaini, kwa hiyo najitahidi asipate sababu.

Samahani kwa alama nyekundu hapo pembeni. Ni rangi, si damu. Kuna kitu nimeambiwa nipake, na kidole hakikutakata.

Mwanao,
Selestini


Shanwe, Mpanda,
19 Julai 2024

Selestini baba,

Marahaba. Barua imefika ikinuka dagaa. Nimeisoma mara mbili, na jioni nikamsomea Pudensiana jirani, naye akasema wavuvi wa siku hizi wana adabu kuliko madereva wa bodaboda wa hapa Shanwe. Si sifa kubwa hiyo, lakini tuwape.

Kafi lenu nalifahamu kuliko unavyodhani. Kabla ya kustaafu reli, miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kumkabidhi dereva wa treni kipande cha chuma chenye namba. Reli ni moja, treni zinatoka pande mbili. Mwenye chuma ndiye anayepita. Dereva alinyoosha mkono dirishani, nami nikampa, na mpaka akikabidhi kituo cha mbele hakuna treni nyingine iliyokanyaga kipande kile cha reli. Chuma kikipotea, treni inasimama. Abiria watakutukana wewe na mama yako, hata mama wa kuku wako, wewe unakaa kimya, treni imesimama.

Watu hudhani ulinzi uko kwenye chuma chenyewe. Chuma ni chuma tu, unaweza kukigongea kokwa la mchikichi. Ulinzi ni kwamba kiko kimoja.

Kula vizuri. Mtu aliyeshiba hamwogopi mkali. Na hukuniambia ulikuwa unapaka nini.

Shangazi yako,
Dorotea


Mwalo wa Kamlenge,
24 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima. Huenda umeshasikia redioni au kwa watu wa basi.

Alhamisi, tarehe 22, saa nne asubuhi, boti mbili ziligongana kwenye kona ya mfereji. Moja ilikuwa ya mwenyekiti ikiendeshwa na Alex, dereva wake, ikitoka na wageni wawili waliokuwa na haraka. Nyingine ilikuwa ya Abednego, ikiingia. Ndani ya boti ya Abednego kulikuwa na abiria, Arcade, mfanyabiashara wa maharage kutoka Mishamo, akirudi na magunia ya dagaa. Alipoona boti ya mbele inakuja alinyoosha mguu ili azisukume zisigongane. Mguu ulibanwa katikati. Amepelekwa hospitali huko Mpanda.

Inasemekana kwamba Abednego aliingia bila kafi. Alex alikuwa nalo, watu wote waliliona kwa mbali mkononi mwake, na mwenyekiti amelifungia kabatini. Abednego anasema naye alikabidhiwa kafi pale mdomoni na Masele, aliyekuwa ametoka mbele ya Alex, na kwamba lilianguka majini boti zilipogongana. Masele aliendelea na safari ng'ambo, upande wa Kongo, na haijulikani atarudi lini. Abednego yuko mahabusu.

Jumatatu natakiwa kutoa maelezo polisi, kwa kuwa nilikuwa dirishani. Mwenyekiti ameniambia niandike yale yanayojulikana tu, nisichanganye watu. Naomba ushauri wako, karani anapotoa maelezo anatakiwa kujibu alichoulizwa peke yake, au na asichoulizwa?

Mke wa Abednego, Mariana, tangu juzi anashinda ndani ya matete, maji yakimfika kifuani, analitafuta kafi. Namwona kutoka hapa nilipokaa.

Mwanao,
Selestini


Shanwe, Mpanda,
27 Agosti 2024

Selestini,

Barua yako imefika leo Jumanne, maana yake maelezo umeshayatoa. Kwa hiyo hukuomba ushauri. Uliomba nikusikie unavyoogopa, nami nimekusikia.

Nimetoka hospitali sasa hivi. Nilimpelekea uji huyo Arcade, kwa kuwa ndugu zake wa Mishamo bado walikuwa njiani. Wamemkata mguu chini ya goti, na homa haishuki. Ni kijana mpole. Nilimwambia mimi ni shangazi wa karani wa Kamlenge, akauliza kama magunia yake yamehifadhiwa pakavu.

Nikamuuliza juu ya kafi. Akaniambia hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mama, kafi nililikalia mimi. Abednego alipokabidhiwa alinipa nilishike, kwa sababu alikuwa anaongoza. Lile lililofungwa waya. Waya ulinikwaruza hapa." Akageuza kiganja. Mkwaruzo uko pale, mrefu kama kijiti cha kiberiti.

Sasa nifikirie mimi mzee wa reli. Alex alikuwa na kafi. Arcade alikuwa amelikalia kafi. Na mtu anayepisha boti nne mfululizo hawezi kuamka Alhamisi moja akaingia mferejini bila idhini. Wewe ulikuwa dirishani, macho yako mazima, halafu unaniandikia "inasemekana".

Nimeitoa ile barua yako ya Julai sandukuni. Alama ya kidole bado ni nyekundu. Nakuuliza kwa mara ya pili, ulikuwa unapaka nini?

Makafi yalikuwa mangapi, Selestini?

Dorotea


OFISI YA MWENYEKITI
MWALO WA KAMLENGE
30 Agosti 2024

Kwa: Ndugu Selestini, Karani

YAH: UTULIVU KAZINI

Rejea mazungumzo yetu ya jana.

Ofisi inakupongeza kwa maelezo uliyotoa polisi tarehe 26 Agosti. Yalikuwa mafupi na hayakuwa na mambo ya kubuni. Unakumbushwa kuwa maelezo yaliyosainiwa hayabadilishwi, na anayeyabadilisha anakuwa amekiri kwamba alidanganya mwanzoni.

Mkataba wako unaisha tarehe 30 Septemba. Ofisi ina nia njema na inafikiria kukupa wa mwaka mzima.

Kuhusu zile kuni nilizokukabidhi kwa ajili ya jiko lako, naamini zimeshaungua.

Imeonekana pia kuwa unatuma barua nyingi kwa basi. Karani mwenye kazi nyingi hapati nafasi hiyo.

Nakutakia kazi njema.

Edgar
Mwenyekiti


Mwalo wa Kamlenge,
3 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Arcade amefariki Jumapili. Najua wewe umejua kabla yangu. Hapa habari ilikuja na basi la jana, na wanaume waliokuwa wanatengeneza nyavu wakaziweka chini. Sasa kosa la Abednego si uzembe tena, limekuwa la kusababisha kifo.

Barua hii hapiti nayo kondakta. Nimempa Salima, mama wa migebuka. Ameificha chini ya samaki, kwa hiyo uivumilie.

Makafi yalikuwa mawili.

La pili nililipaka mimi, Julai tarehe 10, nyuma ya ofisi, kwa rangi iliyobaki tulipopaka mlango. Mwenyekiti alileta kafi jipya akasema wageni wa maana hawawezi kungoja mitumbwi ya dagaa, na kwamba litatumika kwa dharura tu. Nilitaka kumwambia habari za chuma chako. Nilifungua mdomo. Akauliza, "Una neno, karani?" Nikasema rangi ni nzuri. Ndiyo hivyo shangazi, hayo ndiyo niliyoyasema. Barua yako ya tarehe 19 iliponifikia, ukisema ulinzi ni kwamba kiko kimoja, niliikunja nikashindwa kuijibu mwezi mzima. Katika mwezi huo boti ya mwenyekiti ilipita mara sita kwa kafi la pili. Nilizihesabu. Kila mara nilishika kingo za meza mpaka nisikie injini yake imefika ziwani.

Tarehe 22 nilimwona Masele akitoka na kafi la waya. Muda mfupi baadaye nikamwona Alex anavuta la kwangu kutoka chini ya kiti, anaingia. Nilijua Masele ameshafika mdomoni, na kama kuna mtu anangoja pale ameshaambiwa nyuma ni maji tu. Masele hakudanganya, alipoondoka nyuma yake palikuwa maji tu. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Nadhani nilikuwa na muda wa kupiga kelele mara mbili.

Kuna kubwa zaidi. Mchana ule ule Alex aliliokota kafi la waya kwenye matete, kabla Mariana hajafika. Mwenyekiti aliniletea likiwa limefungwa kwenye gunia, akasema, "Choma hizi kuni." Nikasema ndiyo.

Sijalichoma. Liko chini ya godoro langu. Sijui kwa nini sikulichoma, usidhani ni ushujaa, jiko lilikuwa limewaka kabisa. Nimelala juu yake siku kumi na mbili na waya nausikia mgongoni.

Mariana bado yuko majini. Jana alikuja dirishani, nguo zinamtiririka, ngozi ya mikono imekunjamana kwa maji. Hakunifokea. Aliniuliza, "Karani, wewe uliona. Mume wangu aliingia bila kafi?" Nikamjibu kwamba yote niliyoyaona nimeyaandika polisi. Akashukuru. Shangazi, alinishukuru, akarudi kwenye matete kutafuta kitu ambacho kiko hatua thelathini kutoka pale tulipokuwa tunaongea.

Polisi niliandika nilimwona Alex na kafi, na sikumwona Abednego na kafi. Kila neno ni kweli, kwa sababu kona inaficha. Nilichagua maneno kama mtu anayechambua mchele.

Nikisema, nimefungwa. Nisiposema, amefungwa yeye. Niambie la kufanya.

Selestini


Shanwe, Mpanda,
6 Septemba 2024

Mwanangu,

Nilikuwa mazikoni Mishamo. Tumemzika Arcade nyuma ya shamba la baba yake, watu wengi walikuja kwa baiskeli. Mama yake alinishika mkono akaniuliza kama mtoto wake alisema neno la mwisho. Nikamwambia aliulizia magunia. Akatikisa kichwa kama mtu anayemtambua mtu wake.

Alilosema juu ya kafi sikumwambia. Hilo halikuwa langu kulitoa pale. Na sasa aliyelikalia kafi hayupo, Masele hayupo. Wanaoweza kumsemea Abednego tumebaki wawili, wewe na mimi, nami sikuwa dirishani.

Unataka nikuambie la kufanya. Nitakuambia jambo ambalo marehemu mume wangu hakulijua, wala padri.

Mwaka wa kumi na moja wa kazi yangu, kwenye kituo kimoja kidogo nisichokitaja, chuma hakikurudi. Bosi wangu alikuwa na wakubwa ndani ya treni. Akasema amepiga simu mbele, njia iko wazi, nipeperushe bendera ya kijani. Nilikuwa na mtoto mgonjwa, na nyumba ya kazi. Nikapeperusha. Treni ikaondoka bila chuma, na mimi nikasimama pale nikisikiliza. Dakika arobaini na mbili. Ikafika salama. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyejua, mwezi ule nikapewa barua ya pongezi kwa utii.

Hakuna aliyekufa, Selestini, na bado treni ikipiga honi hapa mjini naweka chini nilichoshika. Sikusimulii ili ujione mwovu. Nakusimulia ujue kwamba hata ile ambayo haikugonga haijafika kituoni mpaka leo. Yako imegonga.

Kufungwa kunawezekana. Sitakudanganya kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Ila ukienda, usiende na maelezo peke yake, maelezo yanajadiliwa. Nenda na kafi. Na kabla ya polisi, mpitie yule mama majini, mwambie atoke.

Nitakuja kukudhamini. Nyumba ninayo, na hati ya kiwanja ninayo.

Shangazi yako,
Dorotea


Kituo cha Polisi,
10 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi hii nimepewa na askari wa kike aliyenichukulia maelezo. Amesema niandike kwa ufupi.

Jana asubuhi nililitoa kafi chini ya godoro, nikalibeba wazi bila gunia. Nilipita mbele ya ghala. Alex alikuwa anaosha injini. Aliliona, akaniangalia, akaacha kuosha. Nilishuka mpaka kwenye matete. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Mariana, yakanipotea yote. Nikaingia majini na viatu vyangu na kumkabidhi kafi kwa mikono miwili.

Alishika waya kwanza. Kisha akaniuliza lilikuwa wapi. Nikamwambia, siku zote hizo lilikuwa chini ya godoro langu. Nilingoja anipige, nadhani nilitaka anipige. Alitoka majini, akakamua kitenge chake taratibu, akasema, "Twende. Utayasema mwenyewe, mimi sitakusemea."

Tulipanda pikipiki moja mpaka hapa, mimi katikati, yeye nyuma ameshika kafi.

Nimeeleza yote, kuanzia tarehe 10 Julai. Wamelichukua na kafi la pili kutoka kabatini, wameyaweka mezani pamoja. Yakiwa pamoja hata mtoto anaona, moja limelainishwa na viganja vya watu, jingine lina nyuzi za brashi yangu. Mwenyekiti ameitwa. Amesema kafi la pili halijui, na kwamba karani alilitengeneza kwa akili yake mwenyewe. Alex bado hajaulizwa. Sijui atasema nini, na hilo linanitia baridi kuliko mengine.

Kwa hiyo nakuomba, ukija na hati ya kiwanja, njoo pia na barua yangu ya tarehe 11 Julai. Ile yenye alama ya kidole. Nilikuandikia kwamba nimeambiwa nipake, na hapo sikuwa na sababu ya kudanganya. Askari amesema inaweza kusaidia na inaweza kuniumiza. Ilete tu. Useme na uliyoyasikia kwa Arcade.

Nimewekwa ndani kwa maelezo ya uongo na kuficha kielelezo. Hilo nililitegemea. Kuna moja sikulitegemea, nalo ndilo nataka ulijue kabla hujafika.

Mlango wa mahabusu hapa ni mwembamba, mtu mmoja tu anapita. Wakati askari ananipeleka, Abednego alikuwa anatolewa. Amepungua, ndevu zimejaa. Tulikutana uso kwa uso, yeye ndani, mimi nje, na tayari alishaambiwa ni nani aliyelala juu ya kafi lake. Askari akamwambia apite haraka, anatoka, ana haki ya kwanza. Mkewe alikuwa anamngoja pale uani na nguo kavu.

Abednego hakupita. Alirudi nyuma hatua moja, akajibana ukutani, akaacha nafasi.

"Kitupu hupisha kizito, karani," akasema. "Pita."

Nikapita.

Mwanao,
Selestini